Nusu Saa ya Dawa ni ya Nani?

(Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama na wageni, Magunga, siku ya soko. Imepigwa chapa kama ilivyotolewa.)



Katibu alipotuandikia kwamba tuje tuseme habari za kuua vijidudu vya maradhi, wengine wetu tulicheka. Reli haifiki Magunga, na sisi si madaktari. Kazi yetu ni kokoto, mataruma na spana. Shule yetu ilikuwa ya msingi, ya misheni, tukaishia darasa la nane. Lakini baadhi yetu tumezaliwa pande hizi za Gwassi, wake zetu na watoto wetu wako hapa, na jambo hili lilitupata mwilini kabla halijatuingia kichwani. Kwa hiyo tumekubali kuja.

Kwanza tufanye kazi moja. Juu ya meza hii mnaona mtungi wa plastiki wa lita 20. Maji yake yametekwa ziwani alfajiri ya leo. Tumeyachuja kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, lakini bado yana rangi. Maji meupe kabisa hutiwa kifuniko kimoja cha dawa ya maji. Yenye rangi hutiwa viwili. Basi ndugu yetu hapa anatia vifuniko viwili vya WaterGuard, anafunga mtungi, anautikisa. Mama aliyeketi pale mbele ana saa ya mkono, nasi tumemwomba atushikie muda. Hapana mtu atakayeonja maji haya mpaka mama aseme dakika 30 zimekwisha. Sisi tutazungumza katika muda huo.

Sasa tuanze na maneno, maana maneno yakichanganyika na kazi huchanganyika. Watu husema "kusafisha" kwa mambo matatu ambayo si mamoja. La kwanza ni kuondoa uchafu: kusugua, kuosha kwa sabuni, kufagia. Vijidudu vingi huondoka pamoja na uchafu, lakini havikufa, vimehama tu. La pili ni kuua vijidudu vilivyo vingi kwa dawa au kwa moto, hata vilivyobaki visiweze kumdhuru mtu. Maji haya ya mtungi yamo katika daraja hili. La tatu ni kuua vyote pasipo kubakiza hata kimoja, pamoja na vile vilivyojifungia katika ganda gumu. Hili ndilo la sindano, visu vya daktari na nyuzi za kushonea jeraha. Mtu akikwambia chombo fulani "kimesafishwa", muulize: kwa daraja lipi?

Lile ganda gumu lataka maelezo. Vijidudu vingi ni dhaifu sana. Jua huviua, na maji ya moto huviua. Lakini viko vya aina fulani ambavyo vikipata shida hujifungia kama mbegu ya mtama ghalani. Havili, havizai, vyangoja tu. Kijidudu cha pepopunda ni mmoja wao, na makao yake ni udongo na samadi. Mbegu yake yaweza kuchemshwa katika sufuria isife. Hii ndiyo sababu wembe wa kukatia kitovu cha mtoto hauwi salama kwa kupitishwa katika maji ya moto ya chai, kama walivyofanya zamani watu wengi kwa nia njema.

Twaja sasa kwenye habari yetu wenyewe.

Tulikuwa katika kambi moja ya matengenezo ya njia. Jina la kambi hatulitaji, wala la mwajiri aliyetuweka pale. Tulikuwa watu 12. Maji yetu yaliletwa kwa gari na kumiminwa katika tangi kuukuu la bati, na ndani ya tangi lile ulikuwapo utelezi wa kijani ukutani na tope la unene wa vidole vinne chini. Ikatokea habari kwamba kipindupindu kimeingia katika soko la karibu. Siku ya pili gari likaleta maji, na pamoja na maji ikaja katoni ya dawa ya klorini. Karani alimimina dawa ndani ya tangi, akaandika katika kitabu chake kwamba maji yametiwa dawa, akaondoka. Hapo ilikuwa saa sita mchana. Nyapara akapiga filimbi. Tulikuwa tumetoka kwenye jua, tukateka tukanywa hapohapo, tukarudi njiani.

Baada ya siku tatu watu wanane walikuwa wagonjwa. Mmoja, kijana wa miaka 24, tulimzika kwao.

Tulipouliza, tulijibiwa kwamba dawa ilitolewa na kitabu chaonyesha. Ni kweli, kilionyesha. Zile siku za ugonjwa zikakatwa katika mshahara wa vibarua. Sisi kwa wakati ule hatukuwa na la kujibu, maana hatukujua. Twaona haya kusema hivyo mbele ya mikutano, lakini ni afadhali tuseme.

Baadaye Bwana Afya mmoja, mtu mpole, alikaa nasi chini ya mti akatueleza. Klorini, alisema, haina macho. Haijui kipi ni kijidudu na kipi ni tope. Hushika chochote kilichooza ikapigana nacho mpaka nguvu zake ziishe. Ukiitia katika tangi lenye tope, tope ndilo linalokunywa dawa, na vijidudu vinabaki. Na ule utelezi ukutani ni nyumba: vijidudu vimejijengea humo, dawa inaua walio mlangoni tu. Kwa hiyo tangi husuguliwa kwanza, ndipo dawa itiwe. Jambo la pili alilotuambia ndilo lililotukaa moyoni. Alisema, hata kama tangi lingalikuwa safi, nyinyi mlikunywa mara moja. Dawa yataka nusu saa. Ndani ya nusu saa ile inapenya, inaua. Mkinywa kabla, mmekunywa vijidudu na dawa pamoja.

Tukamjibu: Bwana, nusu saa ile hatukuwa nayo. Filimbi ilikuwa imelia.

Ndugu wanachama, fikirini neno hilo. Tumezoea kudai mshahara, nyumba, na saa za ziada. Hapana aliyewahi kudai nusu saa ya dawa. Na kila njia ya kuua vijidudu tuliyojifunza tangu siku ile, iwe ya moto, ya mvuke, ya jua au ya dawa, ina mambo mawili ndani yake: nguvu na muda. Nguvu hununuliwa dukani, nayo huandikwa katika kitabu. Muda hutoka kwa mtu. Kazini hutoka kwa mfanyakazi au kwa mwajiri. Nyumbani hutoka kwa mama. Ukipunguza muda, ile nguvu uliyoinunua umeitupa.

Mama anasema ni dakika ya tisa. Ahsante, mama.

Tuzungumze kidogo juu ya mvuke, maana hapo watu wa reli twajisikia nyumbani. Katika jumba la makumbusho la reli Nairobi ziko injini kubwa za daraja la 59, ambazo wazee wetu waliziendesha kati ya Mombasa na Nairobi. Boila yake ilibeba presha ya ratili 225 kwa kila inchi ya mraba, na kwa presha ile maji hayachemki mpaka yapite digrii 200. Mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa fundi wa boila zile, ndiye aliyetufahamisha mashine ya hospitali ya kuulia vijidudu kwa mvuke. Akasema: hiyo ni boila ndogo tu, ratili 15 juu ya hewa, basi. Lakini ratili 15 zatosha kuyapandisha joto mpaka digrii 121, na mvuke wa digrii 121 ukishika chombo kwa dakika 15, hata zile mbegu ngumu hufa.

Kwa nini mvuke na si joto kavu la tanuri? Daktari Robert Koch wa Ujerumani na wenzake walilijaribu jambo hili Berlin mwaka 1881. Mbegu za vijidudu zilivumilia hewa kavu ya moto kwa saa nyingi, lakini katika mvuke zilikufa upesi. Hata leo, tanuri kavu hutakiwa kufika digrii 160 kwa saa mbili. Fundi wa boila anaijua sababu bila kusoma: mvuke ukigusa kitu baridi hurudi kuwa maji, na hapo huuacha moto wote uliokuwa umefichwa ndani yake. Ndiyo maana mvuke huchoma mkono kuliko hewa ya tanuri. Koch huyu, kwa wasiomjua, ndiye aliyekionyesha kijidudu cha kipindupindu, Misri na India, mwaka 1883 na 1884. Na katika miaka 1906 na 1907 alikaa visiwa vya Sese, ng'ambo ya ziwa letu hili upande wa Uganda, akichunguza malale. Wazee hapa wanajua malale yalivyofanya katika bonde la Lambwe na pwani hizi.

Mzee wa boila alituonya jambo moja ambalo tunawaomba wafanyakazi wa hospitali walishike. Saa ya presha yaweza kusema uongo. Hewa ikibaki ndani pamoja na mvuke, sindano itaonyesha 15, lakini joto halikufika 121. Kwa hiyo hewa hutolewa kwanza, mpaka mvuke mtupu utoke. Tena vyombo visisongamanishwe kama abiria wa Krismasi, mvuke upate kupita. Ile karatasi ya kunata yenye mistari inayogeuka rangi yaonyesha kwamba furushi limepita katika joto. Haionyeshi kwamba joto lilifika katikati ya furushi. Na ikiwa umeme umekatika katikati ya kazi, unaanza upya, husemi "zilibaki dakika tano tu."

Na maji ya kuchemsha nyumbani? Hapo pia pana neno la reli. Kituo cha Timboroa kipo juu kiasi cha futi 9,000, na maji huchemka pale kwa digrii 91 hivi. Hapa ziwani, futi 3,700 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 96. Pote pawili hapafiki 100. Msihofu: kijidudu cha kipindupindu hufa kabla ya hapo. Maji yakitokota kweli, yakapinduka juu na chini, yamekwisha kufa. Si lazima kuchoma kuni za saa nzima. Tunalisema hili kwa sababu tumeona mama akiunguza nusu ya mzigo wa kuni kwa sufuria moja, kisha kesho hana kuni, akanywesha watoto maji mabichi. Lakini kwa visu vya hospitali, sufuria ya kawaida haitoshi, kwa sababu ya zile mbegu.

Watu wa njia ya reli tunayo dawa yetu wenyewe, nayo iko chini ya miguu yetu kila siku. Mataruma ya mbao, yale ya madarajani na penye njia panda za reli, hupakwa na kushindiliwa mafuta meusi ya kreosoti yatokayo katika lami ya makaa ya mawe. Mwingereza John Bethell aliipatia hati namna hiyo mwaka 1838. Bila mafuta yale, ukungu na vijidudu vya ardhini vingeozesha taruma katika miaka michache. Sasa, katika lami ileile ya makaa hutoka kitu kiitwacho asidi ya kaboliki. Mji wa Carlisle, Uingereza, uliitumia kupoza uvundo wa maji machafu. Daktari Joseph Lister wa Glasgow akasikia habari hiyo, akawaza: ikiwa yazuia kuoza kwa mtaro, huenda ikazuia kuoza kwa jeraha. Mwezi wa Agosti 1865 aliletewa mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa na gurudumu la gari, mfupa wa mguu umetoka nje. Siku zile jeraha la namna hiyo lilikatwa mguu au lilimwua mtu. Lister akalifunga kwa kitambaa chenye kaboliki. Mtoto akapona na mguu wake. Ile Dettol ya dukani ni ya ukoo wa kaboliki, ingawa ni mpole zaidi. Tungependa kuongeza kwamba watu wa mataruma walitangulia, lakini Lister hakutuuliza.

Yuko na mwingine aliyemtangulia Lister, naye hakuheshimiwa. Ni Ignaz Semmelweis, daktari wa Hungaria, katika hospitali ya wazazi ya Vienna. Mwezi wa Aprili 1847, katika kila akina mama 100 waliozalia katika wodi ya wanafunzi wa udaktari, wapatao 18 walikufa kwa homa ya uzazi. Akawaamuru wanafunzi wake waoshe mikono kwa chokaa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa Juni wakafa 2 katika 100. Wakubwa wa kazi hawakupendezwa. Walichukia kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Twaitaja habari hii kwa sababu klorini ile ya mwaka 1847 ndiyo ukoo mmoja na iliyomo katika mtungi huu.

Dakika ya kumi na nane, mama anasema.

Sasa ziwa. Baina ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za Mkoa wa Nyanza wa wakati ule zililaza wagonjwa wa kipindupindu 14,275, na waliokufa walikuwa 547. Wataalamu walipochunguza watu walivyoupata, walikuta mambo matatu: kunywa maji ya Ziwa Victoria, kula pamoja na mtu mwenye kuhara, na kuhudhuria karamu za matanga. Pia ile dawa ya tetrasaiklini iliyotumiwa zamani haikuvifaa vijidudu vile, vilikwisha kuizoea. Mnaona basi, dawa ya kumeza huzoewa. Lakini hapana kijidudu cha kipindupindu kilichozoea maji yanayochemka.

Na hasara haikuwa ya wagonjwa peke yao. Kwa sababu ya ugonjwa ule, nchi za Umoja wa Ulaya zilifunga mlango kwa samaki wabichi wa ziwa hili, na wavuvi na wachuuzi wa mbuta wakakaa na mali isiyo na mnunuzi mpaka mlango ulipofunguliwa tena katikati ya 1998. Wapo hapa walioziona siku zile. Kijidudu kisichoonekana kwa macho kilishusha bei ya samaki ufukweni kuliko mfanyabiashara yeyote.

Juu ya omena, tuseme kwa ufupi. Mnapoianika juani mnafanya kazi ya kuzuia vijidudu visizae, kwa kuvinyima maji. Chumvi hufanya vivyo hivyo, na barafu huvilaza usingizi. Lakini kuzuia si kuua. Omena kavu ikinyeshewa, vilivyolala huamka. Ianikwe juu ya wavu ulioinuliwa, isianikwe mchangani penye kuku na mbuzi, na ipikwe vizuri.

Turudi kwenye matanga, ijapokuwa ni neno zito. Tulipokwenda kumzika yule kijana wetu, watu walikuja wengi, kama desturi. Hatukuthubutu kuwaambia watu wasije wala wasile; ni nani atakayesema hivyo mbele ya mama yake marehemu? Tulifanya hivi. Tuliweka mitungi miwili yenye bomba mlangoni pa boma, na sabuni imefungwa kwa kamba. Chakula kilitolewa kikiwa moto, si kilicholala tangu usiku. Maji ya kunywa yalitiwa dawa usiku ule ule, yakangoja mpaka asubuhi. Na wawili wetu walikaa pale kwenye mitungi kutwa nzima, zamu kwa zamu, wakiwaambia wazee kwa heshima, "Baba, mkono kwanza." Kazi hii ya kukaa ndiyo watu huisahau. Mtungi usio na mtu wa kukaa nao hukauka ifikapo saa nne, na tangu hapo ni pambo.

Kuna jua pia, ambalo halinunuliwi. Chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ijazwe maji meupe, ilazwe juu ya bati tangu asubuhi, saa sita katika jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Jambo hili lilijaribiwa kwa Wamasai wa Kajiado, na matokeo yake ya kwanza yakaandikwa mwaka 1996. Kipindupindu kilipoingia kule, watoto wa chini ya miaka sita katika nyumba zilizotumia chupa za jua walikingwa. Maji ya tope hayafai kwa njia hii, kwa sababu mwanga haupenyi. Na mvua ikinyesha, jua halikopeshwi.

Maneno machache kwa vinyozi, maana wapo watatu hapa na tunawafahamu. Spiriti ya kufutia mashine iwe ya kiasi cha 70 katika 100, siyo kali kuliko hiyo. Watu hufikiri kali zaidi ni bora zaidi. Sivyo: spiriti tupu hukausha kijidudu nje, ganda lake likawa gumu, nayo yakauka upesi mno. Ile iliyochanganywa na maji hupenya ndani na kukigandisha kama yai. Toa nywele na mafuta kwanza, futa, kisha acha ikauke yenyewe. Wembe ukikata ngozi, tupa. Homa ya ini hukaa katika damu ndogo usiyoiona, na haifi kwa kupangusa kwa leso.

Na kwa wasafishaji wa mabehewa, wa vyoo na wa wodi, ambao ni wanachama na ni nadra kuulizwa neno: msichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi, wala msimwage Jik juu ya mkojo uliolala. Hutoka hewa yenye sumu inayochoma kifua, na chumba kikiwa kidogo yaweza kuua. Jik ichanganywe na maji baridi, siku ileile ya kutumiwa, kwani ikikaa katika joto na mwanga nguvu hupungua. Ikiwa chupa yasema asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji chatosha kwa damu au matapishi. Zoa kwanza, kisha mwaga, ungoje dakika kumi. Glavu si anasa. Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliona mahali fulani pa kazi wafanyakazi wakipitishwa katika kibanda na kunyunyiziwa klorini mwili mzima, nguo, macho na yote, kana kwamba ni mizigo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka uleule kwamba watu wasinyunyiziwe dawa namna hiyo. Dawa ya sakafu ni ya sakafu.

Sasa twafika kwenye shabaha ya safari yetu. Sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo yataka maji ya kunywa na mahali pa kunawia, na penye wafanyakazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama ambamo wafanyakazi wana wajumbe wao. Sheria hiyo ya Ajira pia yasema kwamba mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, akileta cheti cha daktari: siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu. Vibarua wengi wa kambi yetu walikuwa wamepita miezi miwili. Hapana aliyejua.

Kwa hiyo tawi letu limeandika madai manne, na Katibu anayo karatasi. Kwamba kila tangi la kambi lisuguliwe kabla ya dawa, na siku ya kusugua iandikwe. Kwamba yuko mtu mmoja kwa jina mwenye kazi ya maji, naye alipwe kwa kazi hiyo, isiwe ni ya yeyote anayepita. Kwamba dawa itiwe jioni, maji yalale nayo, ili nusu saa isigombaniwe na filimbi. Na pale ambapo jioni imeshindikana, nusu saa ile ihesabiwe ni saa ya kazi. Na kwamba katika kitabu cha karani, penye "dawa imetiwa saa ngapi", uongezwe mstari wa pili: "maji yameanza kunywewa saa ngapi".

Dai la mwisho ndilo lililopingwa zaidi. Tuliambiwa ni karatasi nyingi. Tukajibu kwamba ni tarakimu nne.

Wanachama walioko makambini ambao tangi lao ni kama lile letu, tafadhali waandikishe kwa Katibu kabla ya kuondoka leo: mahali, idadi ya watu, na nani anayeleta maji. Msiandike majina ya wagonjwa, hilo ni lao. Wale wa hospitali ambao mashine yao ya mvuke haifiki presha, na wanaambiwa waendelee hivyohivyo, nao waandikishe. Hilo haliwahusu wao peke yao, sote tutalala katika vitanda vile siku moja. Wavuvi si wanachama wetu, lakini kamati za fuo zikitaka karatasi hii, tutawapa nakala bila malipo. Wino wa mashine upo, karatasi ndiyo haba.

Mama, imefika ngapi? Thelathini na mbili. Vizuri.

Ndugu yetu, fungua mtungi. Kila mtu ashike kikombe chake. Hatukuleta cha kupokezana. Wazee kwanza.